Sura ya Tatu: Mkia wa Pembe Tatu

"Kope zikishuka mara moja ni ndiyo. Mara mbili ni hapana. Umenielewa, Tao?"

Kope za Tao zilishuka, zikapanda, polepole kama mlango wa duka la mtu mvivu.

Kapteni Kung alivuta stuli karibu na kitanda. Alikuwa na miaka kumi na tisa ya upelelezi kule mjini Hat Yai. Alishahoji wezi, matapeli na mtawa mmoja wa bandia, lakini hajawahi kumhoji mtu aliyebakiwa na kope tu. Tena mtu mwenyewe mdogo wake wa tumbo moja. Kwenye kitambulisho Kung aliitwa Nuannapa. Nyumbani jina hilo halikuwa na kazi. Alizaliwa mwekundu na amejikunja, wakamwita Kung, yaani uduvi, na ukapteni haukumsaidia kitu.

Walikuja Ko Lamphai kwa likizo ya Songkran, sikukuu ya mwaka mpya, siku nne, kisiwa kimya ambacho hata mbwa wake wanabweka kwa zamu. Kung aliiahidi familia kwamba hatamhoji mtu yeyote. Ahadi ilidumu siku moja na nusu.

Saa sita mchana Tao alikuwa mezani akisimulia kichekesho huku mdomo umejaa. Saa saba akasema ulimi umekuwa mzito, wakamcheka. Saa saba na nusu akaanguka akitoka chooni. Sasa ilikuwa saa nane, na Nesi Rohani, nesi pekee wa zahanati, alikuwa amembana kinyago usoni akiminya mfuko wa hewa. Akiminya, kifua cha Tao kinapanda. Akiachia, kinashuka. Kati ya hapo Tao mwenyewe hakuchangia chochote.

"Muulize haraka," Nesi Rohani alisema bila kugeuza kichwa. Jasho lilikuwa limelowesha hijabu yake. "Akili yake nzima. Wanasikia kila kitu hawa. Ila misuli inazima mmoja mmoja."

Chakula chenyewe kilikuwa kachumbari ya mayai ya mengda, yule mnyama wa baharini mwenye gamba kama helmeti na mkia mgumu kama msumari wa mlango. Kila mtu wa pwani ile anajua mengda wapo wa aina mbili. Mwenye mkia wa pembe tatu analiwa. Mwenye mkia wa mviringo, misimu mingine, ana sumu, anakuua ukiwa macho.

"Mengda mlinunua kwa Dolah?"

Kope zikashuka mara moja.

"Mmoja?"

Zikashuka, zikapanda. Kung akasubiri. Zikashuka tena.

"Hapana? Si mmoja? Walikuwa wawili?"

Kope zikashuka hadi katikati, zikagoma hapohapo. Jicho la Tao likabaki wazi nusu, linang'aa, likimwangalia dada yake.

"Tao. Walikuwa wawili?"

"Basi," alisema Nesi Rohani. "Hizo nazo zimezima. Na huko kushuka mara ya pili, Kapteni, usikuamini sana. Huenda ni msuli ulikuwa unaaga."

Aliashiria kwa kidevu, na Jiap, mke wa Tao, akayafumba macho ya mumewe kwa vidole, yasikauke.

"Sikilizeni. Boti la hospitali linasubiri maji yajae, litafika saa kumi. Daktari wa bara ananiuliza maswali mawili kwenye simu. La kwanza, ni sumu gani? Kama ni mengda, ni kumpumulia tu mpaka iishe mwilini. Kama ni sumu ya dukani, dawa yake ni nyingine, na sidungi mtu sindano kwa kubahatisha. La pili, nani mwingine amekula?" Aliminya mfuko. "Wewe ulikula?"

"Kijiko kimoja."

"Midomo?"

"Kama nimelamba betri."

"Ikifika vidoleni, rudi. Usingoje ifike miguuni, sina mtu wa kukubeba. Na mfuko wa hewa ninao huu mmoja."

Nje, Dolah alikuwa amekaa juu ya pikipiki yake ya tela, ileile iliyomleta Tao. Mvuvi huyu wa miaka hamsini hakuwa ameshuka tangu saa saba na nusu, kana kwamba akishuka atakamatwa. Kung na Jiap wakapanda telani. Jiap alitumwa kuchukua kitambulisho cha mumewe na kumwangalia binti yao.

"Kaka Dolah, mengda ulimuuzia wangapi?"

"Mmoja, Kapteni. Wallahi mmoja. Mkia pembe tatu, nilimpa aushike kwa mkono wake." Pikipiki ilikohoa ikaondoka. "Nimezaliwa hapa. Nikiuza mengda mbaya mimi, nitamuuzia nani tena? Hata mke wangu atakataa kula kwangu."

"Tao anasema hakuwa mmoja."

Kwenye kona ya msikiti Dolah alipunguza mwendo. "Anasema? Si nasikia haongei?"

Kung aliandika kwenye kidaftari: *Dolah, mmoja. Ameogopa.* Kisha akakumbuka kwamba kisiwani pale siku ile hakuna ambaye hakuogopa, akalifuta neno la mwisho.

Nyumba waliyokodi ilisimama juu ya nguzo fupi, mgongo kwa minazi, uso kwa bahari. Barazani, kwenye bembea ya wavu, Mook wa miaka saba alikuwa amelala chali. Uso wake ulikuwa mweupe pepepe kwa chokaa laini ambayo watu hupakana siku za Songkran, aliyopakwa asubuhi, kama mwanasesere aliyeanguka kwenye unga. Jiap alimchungulia.

"Bado amelala," alinong'ona. "Afadhali. Mwacheni alale, asimwone baba yake hivi."

Mama Lamun, mama yao Kung na Tao, alikuwa jikoni, amekaa sakafuni na kitambaa mdomoni. Alikuwa amekula vijiko vitatu.

"Mama, midomo?"

"Siisikii. Faida yake chai haiungui." Mzaha huo aliusema akitazama ukuta. Mikono aliificha chini ya mapaja. "Tao?"

"Anapumuliwa. Mama, mkia uliuangalia?"

"Unaniuliza mimi? Nimekula mengda kabla baba yako hajaota meno. Pembe tatu. Nenda kaangalie takani."

Kung alivaa mfuko wa nailoni mkononi, akamwaga taka juu ya gazeti. Maganda ya embe bichi. Vikonyo vya pilipili. Gamba moja la mengda lililobabuka kwa mkaa. Na mkia mmoja. Aliushika kwa vidole viwili, akauzungusha. Kona, kona, kona. Pembe tatu, kama Mama alivyosema.

Basi mengda hana kosa.

Kama si mengda, basi ni mtu. Na watu nyumbani mle walihesabika kwa mkono mmoja.

Chini ya sinki palikuwa na kopo la unga wa sumu ya sisimizi, kifuniko wazi, hatua mbili kutoka kwenye ubao wa kukatia. Kung aliliweka mezani.

"Nani alilifungua?"

"Mimi," Jiap alisema kutoka mlangoni, kitambulisho cha Tao mkononi. "Asubuhi. Sisimizi walikuwa wamejaa kwenye sukari."

"Na kachumbari nani alitengeneza?"

"Mimi na Mama."

"Ulikula?"

Jiap alikigeuza kitambulisho mkononi.

"Hakula," alisema Mama Lamun. Sasa alikuwa amegeuka kutoka ukutani. "Nilimpakulia, akasukuma sahani. Tangu jana anakula wali na mayai ya kuku. Mimi nikadhani ni maringo ya watu wa Bangkok, kumbe mwenzetu anajua kitu."

"Mama."

"Nini Mama? Wewe si polisi? Muulize."

"Wifi, kaa hapo," Kung alisema. "Kwa nini hukula?"

"Siwezi kusema."

"Mumeo hana pumzi yake mwenyewe, na wewe una siri?"

"Ikisemwa inaharibika." Jiap aliketi, akasimama, akaketi tena. "Wifi, mwezi uliopita Tao alipigwa picha ya mapafu. Palionekana kidoa. Hakutaka mjue. Nilikwenda kwenye madhabahu, nikaweka nadhiri: picha ya pili ikitoka safi, siku tisa sili kiumbe cha baharini. Picha ilitoka safi. Leo ni siku ya sita." Machozi yalimshuka lakini sauti haikubadilika. "Nimetimiza kila kitu. Kila kitu. Halafu mapafu yenyewe ndiyo hayo yanaminywa na nesi."

Mama Lamun alikirudisha kitambaa mdomoni.

Kung alitazama kopo. Vumbi la unga lilikuwa juu ya sukari na kwenye ufa wa dirisha. Mezani hapakuwa na chembe. Halafu alitazama bakuli la plastiki lililooshwa, kubwa la kutosha kuogeshea kuku.

"Mayai yalijaa hili bakuli?"

"Nusu," Jiap alisema.

"Mengda mmoja ana mayai ya kujaza nini, Mama?"

Mama Lamun alichelewa. Wapelelezi hulipwa kwa kugundua kuchelewa kama huko.

"Bakuli la wali," alisema.

"La wali. Tao peke yake alirudia mara mbili. Mama, walikuwa wangapi?"

"Mkia niliuangalia."

"Nimeuona. Nauliza wa pili."

Mama alitoa mikono chini ya mapaja. Vidole vilikuwa vinatetemeka, akavitazama kama vya mtu mwingine.

"Wa pili hakuwa na mkia. Tao aliwaleta wote kwenye kikapu kimoja. Akasema umekatika njiani. Nikajua wote wa Dolah, nikasema mmoja akiwa mzuri na mwenzake mzuri. Basi. Nimekula mengda miaka sitini na tatu, Kung. Miaka sitini na tatu, halafu nimpikie mwanangu kitu sijakishika mkia."

Gamba la pili halikuwa takani, wala mkia. Kung alitoka barazani, akapita bembea, akamwita Dolah aliyekuwa ameegemea tela.

"Kaka, mengda wa pili Tao alimtoa wapi?"

Dolah alikuna kidevu. "Alitaka wawili. Nikamwambia ninaye mmoja. Akasema atajitafutia mwenyewe kule kwenye mikoko, si wanatembea tu. Nikacheka. Watu wa mjini husema hivyo kila mwaka, wanarudi na matope." Aliacha kukuna. "Msimu huu kule mikokoni, Kapteni, nusu yao ni mkia mviringo. Ningemwambia. Nilidhani ni porojo."

"Mkia utakuwa wapi?"

"Nijuavyo, watoto huutaka. Wanachezea."

Watoto. Kung alichomoa simu, akafungua kundi la familia. Saa tano asubuhi Jiap alikuwa ametuma picha: Mook amepiga magoti mchangani, uso mweupe, meno mawili hayapo, nyuma yake ngome ya mchanga. Paa la ngome ni gamba la mengda. Juu ya paa pamechomekwa kijiti cheusi chenye utepe mwekundu, bendera ya ufalme wa Mook. Kung alishaijibu picha hiyo kwa kibandiko cha paka anayepiga makofi. Miaka kumi na tisa ya upelelezi, na ushahidi wote ulimpita kwenye kidole gumba.

Alikimbia. Bahari iliyokuwa ikichelewesha boti ilikuwa inajaa sasa, na wimbi la mbele lilikuwa limeshaanza kulamba ukuta wa ngome. Alifika gamba likielea. Akadaka utepe. Aliung'oa mkia, akauweka kwenye kiganja, akausukuma kwa kidole.

Ulibingirika, laini kama penseli, mpaka ukingoni mwa kiganja. Hakuna kona hata moja.

Hapo ndipo alipogundua kwamba kidole kilichousukuma hakikuusikia.

Alipiga zahanati. "Nesi. Ni mengda. Mkia mviringo, ninao mkononi."

"Hakika?"

"Hakika. Hakuna sumu ya dukani, hakuna mtu mbaya. Tao aliutumia mkia kumtengenezea mtoto bendera."

"Basi hakuna sindano, ni kupumulia. Namwambia daktari." Mfuko ulisikika ukiminywa, ukiachiwa. "Na swali la pili?"

"La pili?"

"Nani mwingine amekula, Kapteni."

"Tao. Mama, vijiko vitatu. Mimi kimoja. Jiap hakula, ana nadhiri. Mtoto hali pilipili, akinusa tu analia."

"Kuna mabaki? Daktari anataka ya maabara."

Bakuli lilikuwa limeoshwa, sahani zimeoshwa. Lakini Kung alitabasamu kidogo kwa mdomo usiohisi, maana alimjua mama yake. Mama Lamun hafungui chakula ugenini kabla hajamtengea mwenye mahali, mzimu wa pale. Mbele ya nyumba, juu ya nguzo moja, kilisimama kijumba cha mzimu kinachotosha njiwa wawili, na humo kila mlo huwekwa sahani ndogo na soda nyekundu yenye mrija.

"Yapo," alisema. "Nakuletea."

Vijiti vya ubani vilikuwa vimekwisha, vimebaki vishina. Sahani ilikuwepo. Ilikuwa tupu.

Ndege hudonoa, mbwa huangusha. Sahani hii ilikuwa safi, na kijiko kimelazwa katikati yake kwa adabu. Sisimizi waliokuja kuchunguza hawakukuta hata yai moja. Soda ilikuwa imeshuka hadi chini. Kung aliuchomoa mrija. Ncha yake ilikuwa imetafunwa ikawa bapa, na alama za meno zilikuwa na pengo katikati. Pengo la meno mawili.

"Mama!" Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kupaza sauti. "Sahani ya mzimu uliitia pilipili?"

Mama Lamun alitokea mlangoni akishika mwimo. "Hapana. Huyu ni mzee wa mahali, najuaje tumbo lake? Nilimtengea embe na mayai na nazi, tamu tu." Alisita. "Mook ndiye aliyeuliza ubani ukiisha inakuwaje. Nikamfundisha. Unakunja viganja, unaomba ruhusa, kisha unakula, ni baraka..."

Hakumaliza. Wote watatu, Kung uani, Mama mlangoni, Jiap nyuma yake, waligeuka kutazama bembea.

Mook alikuwa amelala vilevile kama walivyomwacha. Kung alipanda ngazi tatu kwa hatua moja. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka kwenye kamba, juu ya shingo, hadi kwenye pembe ya mdomo palipokauka soda. Mmoja alikuwa anatembea juu ya ukope. Ukope haukutikisika. Chini yake jicho lilikuwa wazi kiasi cha uzi, na uzi huo ulikuwa unamtazama shangazi yake.

Hakuwa amelala. Alisikia kila kitu, na kila mara waliponong'ona mwacheni alale, alisikia hilo pia.

Kung alimnyanyua. Kichwa kilianguka nyuma kama cha mwanasesere wa nguo. Alifuta chokaa mdomoni kwa kiganja, na chini ya weupe midomo ilikuwa ya rangi ya zabibu. Kifua kilipanda kidogo sana, kikafikiri, kikashuka. Hakikupanda tena.

"Dolah! Washa!"

Alimlaza telani, akambana pua, akaziba mdomo wa mtoto kwa mdomo wake, akapuliza. Midomo yake haikuhisi kitu, si joto, si ngozi, kama anabusu glasi. Hakujua kama hewa inaingia au inavuja pembeni.

"Jiap, tazama kifua! Mimi sisikii. Niambie kikipanda."

"Hakipandi."

Akabana upya, akapuliza.

"Hakipandi, wifi."

Akageuza kichwa cha Mook, akainua kidevu, akapuliza kwa nguvu zote za mapafu ya mtu mzima.

"Kimepanda," Jiap alisema, na sauti yake ikapasuka katikati. "Kimepanda."

Pikipiki ilipita msikiti. Puliza. Kimepanda. Ikapita duka la nyavu, tela linaruka, Mama Lamun ameshikilia miguu ya mjukuu wake kwa vidole vinavyokataa kufumba. Puliza. Kimepanda. Dolah alikuwa anaomba kwa sauti bila kupumua, sura moja baada ya nyingine.

Nesi Rohani aliwaona wakiingia. Alitazama mtoto, akatazama mfuko mmoja mikononi mwake, akamtazama Tao aliyekuwa akiishi kwa mfuko huo. Hakuna aliyemwomba achague.

"Mlaze hapo kwa baba yake," alisema. "Endelea kwa mdomo. Ukichoka, mama yake. Hajala, ana pumzi safi. Dolah, wewe nawa mikono, njoo nikufundishe kuminya hili, mimi nimsaidie bibi." Kisha, kwa sauti ya karani: "Kapteni. Wangapi?"

Kung aliinua vidole vinne. Kimoja kilikataa kunyooka.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa kasoro robo. Boti saa kumi.

Alipuliza, Jiap akasema kimepanda, na katika nafasi ndogo kabla ya pumzi nyingine Kung aliinamia sikio la mdogo wake, maana nesi alishasema wanasikia.

"Tao. Mook anapumua."

Ilikuwa kweli maadamu yeye haachi kupuliza. Akageuka, akapuliza tena.